Mjomba wa Mfalme Juu ya Barafu

Mzee Humphrey alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimfaa kwa kila jambo isipokuwa uongozi. Maisha yake yote ya Stockholm alifanya kazi za kuhamahama, leo kufagia stesheni, kesho kubeba magodoro, na alipostaafu akaendelea kuhama bila mshahara. Miguu ikimwasha asubuhi pale Norsborg anapoishi, hupanda treni mpaka Upplands Väsby, upande wa pili wa jiji, hunywa kahawa, husalimia watu asiowajua, kisha hurudi. Shule hakuiacha, husema mwenyewe. Shule ndiyo iliyomwacha, yeye alikuwa bado amekaa.

Pamoja na hayo alikuwa na tamaa moja: uenyekiti wa chama cha Waswahili. Aliutaka kama mtoto anavyotaka ukoko wa pilau. Kila jina lake likitajwa watu hucheka kwa mapenzi. "Huyu tukimhitaji tutamtafuta kituo gani?" Mzee hucheka nao, tena kuwazidi, kisha akifika nyumbani hununa peke yake, jambo gumu kwa mtu asiye na wa kumnunia.

Siku moja ya baridi kali alikuwa kwenye chumba cha kufulia, chini ya jengo, akingoja mashine. Jirani yake Piroska, bibi mmoja wa Kihungaria, naye alikuwa akingoja zake. Katika kungoja huko bibi akamsimulia jinsi kwao, karne na karne zilizopita, alivyochaguliwa mfalme. Mfalme aliyekuwapo alikufa bila mtoto, wakubwa wakavutana. Basi watu wenye vyeo vidogo wakakusanyika, inasemekana, juu ya mto Danube ulioganda, wakalipigia kelele jina la kijana mmoja, Matthias. Na kijana mwenyewe hata hakuwapo, alikuwa kizuizini nchi nyingine.

"Nani aliyewapanga watu hao?" Mzee akauliza.

"Morbror wake," akasema Piroska.

Hapo Mzee akakaa wima. Kiswidi, kama Kiswahili, hakichanganyi mjomba na baba mdogo. Ukisema morbror umemtaja ndugu wa mama, basi.

"Na mjomba akapata nini?"

"Kijana alikuwa mdogo, kwa hiyo mjomba akawekwa kuwa mwangalizi wa ufalme."

Mashine ikalia. Mzee akakumbatia nguo zake na kupanda ngazi bila kungoja mwisho wa hadithi. Mwenye njaa akishasikia neno "wali", hasikii tena umepikwa nyumba ya nani.

Maana yeye naye alikuwa na mpwa. Leokadia, binti wa dada yake Domina, alizaliwa hukuhuku na alikuwa akisomea uuguzi Flemingsberg. Vijana walimpenda, wazee walimsifu, na hakuwa na nafasi hata ya kukuna kichwa. Kichwani mwa Mzee hesabu ikakaa sawa: mwenyekiti asiye na nafasi hana budi kuwa na mwangalizi.

Akampigia simu. "Mama, wakikuchagua utakataa?"

"Nej då, sikatai, mjomba. Lakini siku ya mkutano niko zamu."

"Usijali. Kutokuwapo ndiko kunakotakiwa."

Ukumbi wao siku hiyo ulikuwa unapakwa rangi. Mzee akapendekeza wakutane juu ya ziwa, chini ya Norsborg, ambako barafu ilikuwa nene na watu walikuwa wakivua samaki kwa kuitoboa. Vijana wakafurahia picha watakazopiga. Wazee wakamlaani huku wakivaa makoti mawilimawili.

Aliyeongoza mkutano alikuwa Veronica, muuguzi wa Kilimanjaro aliyefanya kazi miaka mingi kaskazini kabisa mwa nchi ya Waswidi kabla ya kuhamia Stockholm. Nyundo hawakuwa nayo. Alishika mwiko, akawa anaupiga kwenye kifuniko cha sufuria. Mzee alisimama karibu naye, moyoni akikariri sentensi yake: *Kwa kuwa binti ni mdogo na ana kazi, napendekeza awekewe mwangalizi, mtu mzima, wa karibu, ikiwezekana wa upande wa mama.* Ile "ikiwezekana" ilimpendeza sana. Aliona inaonyesha unyenyekevu.

"Tumchague Leokadia?" Veronica akauliza.

"Ndiyo!" "Ndio!" "Oui!" Ziwa likaitikia. Mwiko ukalia.

"Na je, ashike madaraka yote mwenyewe, bila msimamizi? Tuanze na mjombake."

Mzee akafungua kinywa. Upepo ulikuwa unakuja kutoka ng'ambo ya ziwa bila kazi maalumu, ukaona mlango uko wazi, ukaingia. Ukakuta meno ya bandia. Mzee akavuta hewa kwa ghafla: *shwiip!* kama mtu anayefyonza uji wa moto.

Veronica akainua mwiko. "Mzee amekubali! Kule kaskazini ndivyo wanavyosema ndiyo, huivuta ndani pamoja na pumzi. Kumbe Mzee umekuwa Mswidi kamili!"

"Amekubali wapi?" akadakia Wanjugu, Mkenya asiyejua kunyamaza. "Wacha! Huyo amefyonya! Nimesikia na haya masikio yangu. Mzee, unamfyonya mtoto wa dadako mbele ya watu?"

"Ni baridi tu," Mzee akasema.

"Baridi haifyonyi, mzee wangu. Ni moja kati ya mbili. Chagua."

Watu wote wakamtazama. Domina, aliyekuwa akigeuza soseji kwenye jiko la mkaa, naye akamtazama, uma mkononi. Mzee akaitafuta sentensi yake, akaikuta imeduwaa kooni kama abiria aliyeachwa na treni.

"Nimekubali," akasema.

Mwiko ukalia. Watu wakapiga makofi na glavu zao, pu pu pu, kama wanaokung'uta mikeka.

Aliporudi alimkuta Piroska ngazini, akamweleza yote. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Lakini hukungoja mwisho! Mjomba alipewa miaka mitano, na hata mmoja haukuisha. Kijana alimwondoa, kisha akamfungia ngomeni."

Mzee akapanda ngazi zilizobaki polepole, kama mtu anayekwenda kufungiwa.

Jioni Leokadia akaingia, begi begani, akamkuta mjomba ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Shikamoo mjomba. Mama amenisimulia. Sema kweli, ulifyonya au ulikubali?"

"Marahaba. Wewe umesikiaje?"

"Mimi nilijua utataka tukae wawili kwenye kiti kimoja. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kukataa, jag lovar, naapa. Mama alipopiga kusema umekubali niongoze mwenyewe, nikaufuta." Akakaa kwenye mkono wa kochi. "Kama haikuwa ndiyo, niambie. Nitauandika tena."

Mzee akayatazama maji. Alijiona alivyo: mzee mzima, suruali imekunjwa mpaka magotini, anagombea ufalme kutoka ndani ya beseni. Kicheko kikamtoka kabla ya jibu.

"Ilikuwa baridi," akasema. "Lakini sasa nina joto, na nasema ndiyo."

"Basi uamuzi wangu wa kwanza: mikutano yote ndani ya nyumba."

"Safi kabisa! Na mimi nilikuwa na kaushauri kadogo kuhusu…"

"Mjomba."

"Naam, mwenyekiti," akajibu Mzee, akanyoosha mkono kuchukua birika, akaongeza maji ya moto.