Yowe Likipigwa, Ursula Anaogopa Miguu Yake

Jua linachomoza juu ya stendi ya Bunda. Ursula Burito, mfagiaji, anasimamisha ufagio mbele ya begi jeusi lililoachwa chini ya benchi. Haligusi. Anarudi nyuma, mikono ameitandaza kuwazuia abiria.

"Mama, hilo langu! Nilienda chooni," mwanamume mmoja anapaza sauti.

"Libebe basi, baba. Umenitoa roho."

Watu wanacheka. Ursula anarudia kufagia.

Mwezi uliopita mama huyu wa miaka 44 aliitwa Musoma pamoja na wenzake 31 wa stendi, hospitali na mgambo. Kwa siku nne, polisi na wakufunzi kutoka Kenya na Ulaya waliwafundisha kuzuia na kukabiliana na ugaidi.

Siku ya tatu lilifanyika zoezi. Kishindo kikalia, moshi ukatanda, mwanamke akapiga yowe. Ursula akatimua mbio hadi alipolala yule mwanamke. Mkufunzi Mkenya akambandika Ursula karatasi nyekundu kifuani.

"Mama, wewe ushakufa. Bomu la pili linawangoja wanaokuja kusaidia."

Mchana wenzake wakamtania: "Marehemu, njoo ule!" Hakula.

Miaka sita iliyopita mumewe, Makongoro, alikufa hivyohivyo kule Murangi. Pipa la petroli ya injini za mitumbwi lililipuka, yowe likapigwa, naye akakimbilia. Pipa la pili likamkuta hapo.

"Hakukuwa na gaidi," anasema Ursula. "Ila alikufa kwa kukimbilia, kama mimi kwenye zoezi."

Hofu yake sasa ni kwamba siku bomu likilipuka kweli, Bunda nzima itakimbilia, na miguu yake mwenyewe ikitangulia.

"Huku kwetu yowe likipigwa usipoenda, kesho wanakuulizaga ulikuwa wapi. Hata kwenye msiba wako hawaji."

Jumamosi hii amepewa nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano wa mtaa, Manyamanyama. Atawaomba majirani waitike yowe, lakini wasimame mbali, wapige simu polisi, na majeruhi wanaoweza kutembea wawaite waje kwao.

Amejaribu maneno hayo kwanza nyumbani. Binti yake, Hana, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, na kama anayelia ni wewe?"

Siku tatu zimepita, na sasa Ursula analo jibu, ingawa linamtoka kwa shida.

"Nitamwambia asimame palepale. Hata nikimwita kwa jina lake, asije."