Globu Sita Siku ya Kupambwa Zainabu

Wasomaji, kwanza niwieni radhi kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka na kwa maneno niliyoyakosea, kwani niliishia darasa la saba na huandika polepole, na jambo lenyewe ni la aibu, hata kulikumbuka nachoka.

Dada yangu Zainabu alipoolewa, nyumbani kwetu Bofu, huku Likoni, hatukuwa na stima. Mama akaazima betri ya gari na globu sita, akanipa kazi ya kuzifunga uani, mlimozungushwa mashuka, ambamo wanawake wangemtazama bibi arusi. Nami badala ya kupitisha waya mbili nikapitisha moja tu, globu ikafuata globu kama shanga (waya iliyobaki niliitaka iwe arieli ya redio yangu, tamaa hiyo).

Baada ya magharibi nikaunganisha. Globu zikawa nyekundu kama makaa yanayozimika. Nikiwa nje ya shuka nikamsikia mama wa bwana arusi, aliyevuka kivuko kutoka mjini na jamaa zake: "Jamani, tumeitwa kumuona bibi arusi au kumpapasa?"

Mama akanijia nje ya shuka. "Mwanangu, hawa wakirudi hawajamuona Zainabu, uso wangu nitauweka wapi?"

Mara mtu huko ndani akaizungusha globu moja akidhani imelegea, na zote sita zikazimika.

Hapo ndipo nikakumbuka aliyotufundisha mwalimu: kila globu huuzuia umeme kidogo, na zikiwa foleni moja vizuizi vyote hujumlishwa, umeme ukawa dhaifu, na njia ikikatika mahali pamoja imekatika kote. Lakini zikikaa kati ya waya mbili, kama vipandio vya ngazi, kila moja huwa na njia yake na hupata nguvu ya betri nzima.

Sawa, lakini mwanamume ataingiaje, na wanawake wako vichwa wazi? Shangazi Mwanaisha akanitupia kanga kichwani, akanikamata mkono. "Pisheni, fundi kipofu apita!"

Nikaichukua ile waya niliyoibania, na binamu yangu Salimu nikamwacha nje na betri, nikamwambia asiunganishe mpaka nitoke. Nikafunga kwa kupapasa, jasho lanitiririka, na msichana mmoja gizani akauliza, "Fundi, mbona watetemeka, stima imekushika?" wakacheka wote. Fundo la mwisho lilinisumbua, na nilipolikaza nikaifunua kanga kidogo nipate pumzi (giza lilikuwa totoro, nani angeniona?), na papo hapo Shangazi akapiga kelele, "We Salimu, washa, tumechoka na giza!"

Nani humkatalia Shangazi? Salimu akawasha.

Wallahi kulikuwa kweupe kama mchana. Nami nimesimama kando ya kiti cha bibi arusi, kanga imeniteleza begani, macho kwa macho na mama wa bwana arusi. Zainabu, ambaye hakutakiwa hata kutabasamu, alicheka mpaka wanja ukamshuka mashavuni.

Mama yule akajitanda mtandio taratibu. "Alhamdulillahi," akasema. "Bibi arusi nimemuona, na kungwi wake mwenye ndevu nimemuona pia."

Vigelegele vikapigwa. Mama yangu aliuokoa uso wake, wangu ndio uliobaki uani. Tangu siku hiyo Likoni nzima huniita Kungwi, na waya nimeapa sitaibania tena, wala arusini siendi ila kula pilau.

Nawe kama yamekufika kama haya, niandikie nijue siko peke yangu. Ila juu ya bahasha usiandike Kungwi, tafadhali, ingawa anayetuletea barua analijua jina hilo, kwani mkewe alikuwamo uani.