Hindi la Njia ya Ruhengeri

Mimi nikishikwa na njaa sina adabu, hilo nalikiri mapema. Mwaka wa tisini, kabla ya vita, nilitoka Mwanza kwenda Kigali ili mama wa mchumba wangu anione. Mchumba wangu alikuwa fundi wa malori. Tulijuana alipokuwa akifanya kazi kwetu, kisha akarudi kwao Gatsata, mtaa wa magereji hukohuko Kigali. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la mama. Akikataa, mchumba wangu aliniambia waziwazi, hakuna ndoa.

Mama aliahidi kusema neno lake Jumapili jioni, tukitoka kutembelea maziwa ya kaskazini. Eti mgeni asiondoke bila kuyaona. Mimi, mtu wa Mwanza, nipelekwe kutazama ziwa! Nilicheka kimoyomoyo. Baada ya misa ya kwanza tukapanda pikapu ya kuazima, tukashika njia ya Ruhengeri, hata chai sijanywa.

Tulikaa watatu mbele, mama katikati. Barabara ilipanda, ikazunguka, ikapanda tena mpaka masikio yakaziba. Mama alikuwa na Kiswahili cha soko la Nyabugogo, na alikitumia kwa uchache.

"Mgeni iko na baridi?"

"Hapana, mama."

Basi, mpaka kilima kingine.

Mbele kidogo tulisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Kando ya barabara mwanamke mmoja alikuwa anachoma mahindi. Harufu ile, jamani! Nilishuka nikanunua mawili. Moja nilimpa mama dirishani. Alilipokea kwa mikono miwili, akalifunika kwa kitenge chake. La kwangu nililishambulia palepale, natembea huku na huku kunyoosha miguu. Watu waliokuwa wanakwenda kanisani wakageuka kunitazama. Wanawake wawili wakaziba midomo. Nami, kwa ukarimu wangu, nikawapungia hindi.

Mchumba wangu alifunga boneti akanijia mbio.

"Tupa hilo," akaninong'oneza. "Huku mtu mzima hali barabarani. Ni aibu kubwa."

"Ndiyo unaniambia sasa? Mbona Mwanza tulikuwa tunakula wote njia nzima?"

"Nilisahau."

Alisahau! Nilitamani kumpiga kwa lile gunzi. Nikatazama ndani ya gari. Mama alikuwa ameukodolea macho mlima, kitenge kimelala mapajani, na hindi silioni. Nikajua amelitupa, na mimi nimetupwa pamoja nalo.

Maziwa yenyewe niseme nini? Kwetu ziwa ni maji mpaka yakutane na mbingu. Huku yalikuwa mawili, moja limekaa juu ya jenzake, katikati yao mgongo mwembamba wa ardhi, ndipo tuliposimama. Mashamba ya viazi yalipanda milimani mpaka mahali ambapo mimi hata kusimama nisingethubutu, na watu wanalima huko wanaimba. Ukungu ukafunguka kidogo, mlima Muhabura ukatoa kichwa. Nilijikuta nasema "Loo!" kwa sauti. Kwa dakika chache nilisahau balaa langu.

Mama alinishika mkono kwenye utelezi. "Hii ya juu Burera," akasema. "Hii ya chini Ruhondo." Mkono wake ulikuwa na nguvu, lakini usoni sikusoma kitu.

Mchana tuliingia kwenye kihoteli, wakaleta viazi na mishikaki. Tulikuwa ndani, wote wanakula, lakini mimi nilishaingiwa na woga. Sikujua tena nini ni aibu na nini si aibu.

"Nimeshiba, mama," nikasema. Tumbo likaunguruma, meza nzima ikasikia. Mchumba wangu akainamia sahani yake. Mama akanitazama kwa muda, kisha akaendelea na kiazi chake.

Tulifika Gatsata jua linazama. Mama akamtuma mwanawe arudishe pikapu gereji. Mimi alinishika kiganja, akaniingiza ndani, akafunga mlango, akavuta pazia. Nikawaza nitakavyopanda basi kesho, na nitakachowaambia nyumbani.

Mama akaketi kwenye mkeka, akanivuta nikae karibu yake. Akafungua kitenge. Lile hindi lilikuwa mle, amelifungia kiunoni tangu asubuhi. Akalivunja vipande viwili kwenye goti, akanipa kilicho kikubwa.

"Hapa ni nyumbani," akasema. "Kula."

Lilikuwa baridi, gumu, linauma meno. Yeye alipukuchua punje kwa kidole gumba, akatia kinywani, akatafuna pamoja nami. Nililia, nikacheka, na kutafuna sikuacha.

Mlango ukagongwa. Ni mchumba wangu, anauliza mama amesema nini.

"Ngoja huko nje!" mama akajibu, mdomo umejaa. "Iko nakula na mtoto yangu."