Fundo la Leso

Juzi nikiwa kwenye saiba moja mjini Malindi, mama wa makamo aliomba apakuliwe video zake kutoka mtandao mmoja wa kutafutia kazi, awekewe kwenye flashi. Simu aliyorekodia ilikuwa imekufa, na neno la siri amelisahau.

"Nitajuaje ni zako, mama?" mhudumu akauliza. "Uso hauonekani."

Kweli, kwenye kioo cha kompyuta ilionekana mikono tu, ikishona makuti. Mama akaweka mkono wake kando ya kioo. Kidole gumba kilipinda vilevile kama cha kwenye video.

"Anayetaka paa haangalii uso wangu, mwanangu. Anaangalia mshono."

Mhudumu akacheka, akaanza kupakua. "Lakini si ziko mtandaoni bado?"

"Ziko. Hoteli imeziona, imeagiza makuti mengi. Wenzangu kule Junju wanataka kujifunza mshono huu, na bando la kuzitazama mtandaoni hawana. Mimi nikiwa juu ya paa, hizi zitawafundisha."

Akaifunga ile flashi kwenye pindo la leso, pale wengine hufunga pesa, akaaga.

Kwenye mtandao huohuo nimejaza picha zangu za suti. Sioni hata moja inayostahili kufungiwa fundo la leso.