Mashine ya Sauti ya Mkwe Wangu

Majina yao wote ninayo kichwani, la mkwe wangu, la fundi, hata la yule aliyetuletea maziwa asubuhi pale mtaa wa Mountain View, Nairobi, lakini siyaandiki, maana wengi wako hai na hakuna aliyeniomba nimwandike.

Nilikuwa nimekuja kwa binti yangu kwa sababu ya magoti. Daktari alikuwa Hurlingham, na kutoka kwangu Limuru mpaka huko na kurudi, magoti yaliumia kuliko yalivyotibiwa. Binti yangu akasema, "Mama, kaa hapa mpaka upone." Nikakaa. Lakini kukaa kwenyewe hakukuwa rahisi, na lazima nieleze, maana vijana wa sasa hawayajui haya.

Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake wana heshima ya kuogopana. Hawatazamani sana usoni, hawataniani, na hakuna anayemkosoa mwenzake. Mama yangu hakuwahi kulala kwa mkwe wake hata usiku mmoja. Alikuja, akanywa uji, akarudi jua likiwa bado juu. Na mimi nilikuwa nalala hapo mwezi baada ya mwezi. Mume wangu alikuwa ametangulia, na nyumba yangu Limuru ilikuwa kimya mpaka nasikia panya wakitembea darini. Nilitaka kukaa, sitaficha. Lakini siku mkwe wangu akinichoka, hataniambia. Nitajuaje?

Kitu kilichotusaidia mimi na yeye ni mashine yake ya sinema. Miaka ile kila mtu Nairobi mwenye mshahara alinunua runinga kubwa na spika zake, za mbele, za nyuma, na moja nene ya chini iliyotikisa vikombe kabatini. Katikati ya zote kulikuwa na sanduku jeusi, zito, waliloliita amplifaya. Sauti yote ilipitia humo. Jioni akitoka kazini anaweka sinema, nami naketi kwenye kiti changu cha pembeni, na tunakaa chumba kimoja bila haja ya maneno. Macho yote mbele. Kiingereza chenyewe sikukielewa. Yeye akicheka, nami nacheka. Gari likianguka mtoni, sote tunasema "Woi!" Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalinitosha.

Basi jioni moja, sinema ikiwa katikati, sauti ikakatika. Watu kwenye runinga wanafungua midomo, hakuna kitu. Mkwe wangu akabonyeza rimoti, akainuka, akagusa sanduku, akavuta mkono haraka. Alichukua kitambaa nilichokuwa nimekitandika juu ya sanduku hilo, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye mkono wa kiti changu. Kisha akaenda kulala.

Asubuhi binti yangu akaiwasha, ikaimba kama kawaida. Jioni ikafa tena. Ilikuwa kama mtu mwenye homa ya jioni.

"Ni stima," akasema binti yangu. "Stima ya hapa haina adabu."

"Stima si ingezima na runinga pia?" mkwe wangu akamjibu.

"Basi ni waya."

"Waya nimebadilisha."

Moyoni nilikuwa nahesabu: mashine ilikuwa nzima kabla sijaja. Nimekuja, imeugua. Mtu mwingine angefikiria nini?

Akaipeleka mjini kwa fundi. Fundi akaiwasha siku nzima, ikaimba. Mkwe wangu akairudisha nyumbani, nami kwa furaha nikafanya kazi. Nilifuma kitambaa kingine, kikubwa, kinene, cha uzi mweupe, maua katikati na pindo lililoshuka mpaka kwenye mbavu za mashine. Nyumba yetu ilikuwa na vitambaa kila mahali, kwenye viti, kwenye runinga, kwenye simu ya mezani. Nyumba isiyo na vitambaa ni kama mtu aliyetoka bila shati. Na hii mashine ilikuwa imetoka hospitali, vumbi la barabara kubwa linaingia mchana kutwa. Nikaifunika kama mtoto.

Jioni hiyo haikufika hata nusu ya sinema.

Mkwe wangu akainuka. Akakitoa kitambaa polepole, akakikunja mara mbili, akakiweka kwenye mkono wa kiti changu, akakipapasa kidogo. Nikasema moyoni, ona kijana huyu, pamoja na hasira alizonazo bado anaheshimu kazi ya mikono yangu. Alipotoka nikakirudisha.

Tuliendelea hivyo. Yeye anatoa, anakunja, ananiwekea. Mimi narudisha. Kisha akaanza kuchelewa. Binti yangu akasema anatazama mpira na wenzake Adams Arcade. Mimi nilikaa mbele ya runinga iliyonyamaza nikajiambia: umejua sasa. Nikaanza kutafuta mkoba wangu ulipo. Nikiulizwa nasema naurekebishia zipu.

Jumamosi moja binti yangu alikuwa kazini, na mkwe wangu ndiye aliyenipeleka Hurlingham. Mashine ilikuwa kiti cha nyuma, imefungwa mkanda kama abiria. Nilipotoka kwa daktari akasema, akitazama usukani, "Mama, tutapitia mjini kidogo, kwa fundi."

"Sawa, baba."

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu yote kwa maneno.

Duka la fundi lilikuwa kwenye ujia nyuma ya msikiti, redio zilizofunuliwa matumbo zimepangwa mpaka juu. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa pwani, kofia ya kufumwa kichwani. Akainuka kabisa. "Shikamoo, mama yangu." Sisi wa bara salamu hiyo hutushika bila kujiandaa. Nikasema, "Ndiyo," halafu nikakumbuka, "Marahaba."

Mkwe wangu aliweka mashine mezani, kisha akatazama nje. "Wacha nisongeze gari, askari wa kanjo wasinifunge gurudumu," akasema, akatoka mbio.

Fundi akainama juu ya mashine, akachukua kibano kidogo, akavuta kitu kwenye matundu ya juu. Uzi mweupe.

"Mama, kwani kile kitambaa bado?" akaniuliza.

"Kitambaa gani?"

"Kinachofunika hii. Mashine hii haina neno. Inapumulia hapa juu. Ukiiziba inapata joto, ikipata joto inajizima yenyewe isiungue. Nilimwambia bwana tangu siku ya kwanza."

Nilimwangalia. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia! Akakaa, akaniambia, 'Hilo gumu.' Gumu nini, kutoa kitambaa? Jana kapiga simu, ataka kununua nyingine, yenye feni ndani. Namwambia bwana, wala huna haja. Hasikii. Hebu nawe mseme. Nani huyo aliyewafumia?"

"Ni mimi."

"Na bwana huyu ni mwanao?"

"Ameoa binti yangu."

Fundi akakaa chini. "Afanalek," akasema taratibu, kisha akaanza kucheka akajizuia, akaziba mdomo kwa kofia. "Mama, nisamehe. Kumbe. Kumbe kijana afadhali anunue mashine nzima."

Mimi sikucheka. Kwa hiyo kila alipokunja na kuniwekea, alikuwa ananiambia, na mimi nikimjibu kwa kukirudisha. Je, alidhani mimi ni mkaidi? Na kule Adams Arcade, alikuwa ananikimbia, au anakimbia kile kitambaa? Sikuweza kumuuliza, kama yeye alivyoshindwa kuniambia.

"Usimwambie kwamba umeniambia," nikamwomba fundi.

"Nimwambie nini sasa?"

"Mwambie ilikuwa waya."

Mkwe wangu aliporudi, fundi akasema ilikuwa waya, bila kumtazama machoni. Mkwe wangu naye akaitikia, "Aa, waya," bila kumtazama yeye wala mimi. Tukaondoka.

Nyumbani nilivichukua vitambaa vyote viwili vya mashine nikavitia kwenye beseni. Binti yangu aliporudi nikamwambia vimeshika vumbi. Vikakauka, nikavikunja, nikavilaza chini ya nguo zangu. Jumatatu, mkwe wangu akitoka kazini, mashine ingeimba mpaka mwisho, nilikuwa na hakika.

Lakini Jumatatu mkwe wangu aliingia na katoni kubwa. Alikuwa ameshanunua mashine mpya. Akaifungua, akaipanga, na ile ya zamani akaibeba mpaka mlango wa chumba nilicholala, akamwambia mke wake, "Hii iwekwe kwa mama. Na spika mbili ndogo."

Sasa nikachanganyikiwa upya. Nilimvuta binti yangu jikoni.

"Amenipa, au amenitoa sebuleni?"

"Mama, jamani! Amekupa."

"Nitazame sinema huko peke yangu?"

"Ni ya redio. Ya nyimbo zako za kanisa. Mbona unafikiria hivyo?"

Nilifikiria hivyo kwa sababu hakuna aliyeniambia vinginevyo. Nikaingia chumbani, nikaketi kitandani na lile sanduku jeusi mbele yangu. Mkoba ulikuwa pale pale nyuma ya mlango. Nilisubiri kusikia sinema ikianza sebuleni, zile ngoma za mwanzo na vikombe kutikisika. Kimya. Nikadhani hata mpya imekufa.

Binti yangu akafungua mlango. "Mama, unafanya nini? Mkwe wako anauliza."

"Anauliza nini?"

"Amesema haanzi kabla hujakaa."

Nilitoka. Mkwe wangu alikuwa na rimoti mkononi, anatazama runinga tu. Kwenye kioo chake mtu mmoja alikuwa amesimamishwa mguu hewani, anaruka ukuta, hajui atatua wapi. Nikaketi kwenye kiti changu.

"Mama, sauti inatosha?" akauliza, macho mbele.

"Ongeza kidogo, baba."

Akaongeza.