Nyumba Zilizoangukia Baharini

Ofisi ya ramani ya wilaya ilikuwa ghorofa ya pili, chumba cha mwisho upande wa kushoto, chenye mlango ambao lazima uuinue kidogo ndipo ukubali kufunguka. Ndani mlikuwa na meza mbili. Ya dirishani aliikalia mwanamke ambaye jengo zima lilimwita Dada Ramani, hata wale waliomzidi umri. Ya pili haikuwa na mtu. Mwenyewe, aliyeitwa Fundi, alikuwa kaburini tangu mvua za mwaka jana zilipokatika, na sweta lake lilikuwa bado limetundikwa kwenye kiti, kwa kuwa kila aliyetaka kulitoa alikumbuka ghafla kwamba ana kazi nyingine.

Lakini Fundi hakuwa ameondoka kabisa. Kila asubuhi Dada Ramani alipowasha kompyuta, skripti ya Python, yaani programu aliyoiandika Fundi, ilianza kazi yenyewe. Inachukua orodha ya nyumba zote za wilaya, inaziweka kwenye ramani, inapima kila moja iko mbali kiasi gani na mto, na mto ukitazamiwa kufurika inatuma ujumbe kwenye simu za walio hatarini. Na huku ikifanya hayo, iliongea. Fundi hakuweza kutengeneza kitu kikanyamaza. "Umeamkaje, dada? Ngoja nipange nyumba zetu." Baadaye kidogo: "Nimemaliza. Hakuna tatizo." Maandishi meupe kwenye kioo cheusi, maneno ya mtu aliyefukiwa. Mwanzoni yalimtoa machozi. Kisha akazoea, na ubaya wa kuzoea ni kwamba alianza kuyajibu. "Nimeamka salama, kaka," alisema, halafu akageuka kutazama kama kuna mtu mlangoni.

Asubuhi moja habari zikaja kwamba kumenyesha sana huko juu na mto utavimba. Skripti ikafanya kazi yake, ujumbe ukatoka. Mkuu wa idara akachungulia, akasema kazi nzuri, akaenda zake; alikuwa mtu anayependa kazi ikiwa imeshaisha. Huko bondeni watu wakaanza kubeba magodoro kupanda nayo shule ya mlimani.

Dada Ramani akampigia simu mjane wa Fundi, ambaye nyumba yake ilikuwa kichochoro cha mwisho kabla ya mto. Fundi alikuwa akimwita dada, kwa hiyo mkewe alimwita wifi, na undugu huo haukuzikwa.

"Wifi, mmeshafika shuleni?"

"Tufike kufanya nini? Nipo nyumbani, nafua."

"Unafua? Si majirani wamehama?"

"Wa ng'ambo ya barabara wamehama, wamepata meseji. Kichochoro chetu hakuna aliyepata. Kwetu maji hayaji."

"Yanakuja, wifi. Acha hizo nguo, chukua watoto mtoke."

Upande wa pili ndoo ikawekwa chini. Kisha mjane akasema taratibu, "Kaka yako aliniambia, maji yakija mashine yangu itakwambia. Alisema usisikilize redio wala watu wa mtaani, watakuhamisha bure kila mwaka. Na ni kweli. Mwaka juzi iliniambia, nikatoka, maji yakafika dirishani. Mwaka jana redio ilipiga kelele, mashine ikanyamaza, na halikuja hata tone. Sasa kichochoro kizima kinaniangalia mimi. Mashine haijasema. Au unataka kuniambia amenisahau?"

Ni rahisi kumwita mwanamke yule mkaidi ukiwa umekaa pakavu. Mumewe hakumwachia shamba wala gari, alimwachia neno hilo moja, na leo anaambiwa alipuuze.

Dada Ramani akakata simu. Wazo la kwanza lilikuwa kuandika ujumbe yeye mwenyewe, ajifanye mashine. Lakini kichochoro kizima hakikupata ujumbe, na pengine vingine ambavyo hakuna wa kuvipigia simu. Hapakuwa na njia ya mkato. Tangu msiba hakuna aliyethubutu kugusa hata herufi moja ya skripti ile. Akapiga moyo konde, akaifungua.

Ilikuwa imejaa maneno ya Fundi pembeni mwa mistari, yale ambayo kompyuta huyaruka na binadamu huyasoma. "Hapa nilikuwa na njaa, mnisamehe." "Huu mstari usiuulize, unafanya kazi." Alikuwa akimsikia kabisa, na ile sauti yake ya pua.

Kutafuta kosa kwenye programu hakuna uchawi. Unaiambia ikuonyeshe ilichoshika kila baada ya hatua, mithili ya kumfuata nyuma mtoto uliyemtuma dukani ujue anapotelea wapi. Dada Ramani alizima kwanza sehemu ya kutuma ujumbe, kisha akachagua nyumba moja ya kuifuata. Ya Fundi. Hatua ya kusoma orodha, nyumba ilikuwepo. Hatua ya kugeuza vipimo vya nyuzi, yaani digrii za GPS, kuwa mita, ilikuwepo. Hatua ya kukata ramani kwenye mpaka wa wilaya, nyumba haikuwepo tena. Na kioo kikaandika bila haya: "Nimemaliza. Hakuna tatizo."

"Mwongo wewe," akasema kwa sauti.

Akaiagiza ichore nyumba zote kabla hazijakatwa. Nyingi zilikuwa mahali pake, ila mwisho wa bonde palikuwa patupu. Akarudisha ramani nyuma, ikapita wilaya, ikapita nchi, nchi kavu yenyewe ikaisha. Katikati ya bahari, mahali ambapo hata kisiwa hakuna, kulikuwa na mtaa. Akausogeza karibu. Kilikuwa ni kichochoro kile kile, kimepinduliwa kama kinavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, nyumba zimejipanga kufuata mto usiokuwepo. Aliitambua kona. Alilitambua duka. Na mwisho kabisa, juu ya maji yenye kina kisichosemeka, nyumba ya Fundi. Akaangalia lile sweta kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza akaliogopa.

Akajilazimisha kufikiri. Nyumba za kwingine zilichorwa kutoka picha za setilaiti, paa kwa paa, vipimo vyake tayari vikiwa mita. Mtaani kwake Fundi hakutaka paa. Alipita mwenyewe na simu, mlango hata mlango, kwa sababu alitaka alama ikae pale pale mkewe anaposimama. Simu ilimpa nyuzi, naye akaziandika kwa mazoea yake, longitudo kwanza, latitudo baadaye. Kompyuta ya zamani haikuona shida. Baada ya mazishi ofisi ilileta mpya, na programu mpya ndani yake zilitaka latitudo itangulie. Zikapewa kinyume, hazikulalamika, zikazibeba nyumba zikaenda kuzitua baharini. Chini ya hatua hiyo, kwenye skripti, ulikuwepo mstari mmoja unaotupa kimyakimya kila kilicho nje ya mpaka. Pembeni Fundi aliandika: "Takataka za GPS. Usimsumbue dada."

Dada Ramani alisoma maneno hayo mpaka yakafifia machoni.

"Ungenisumbua tu, kaka," akasema.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Agizo moja fupi, kwamba longitudo itangulie kama zamani. Kisha akaufuta ule mstari wa kimya, na maneno yake, akaandika wake: nyumba yoyote ikitupwa, itajwe wazi. Kufuta ndiko kulikomshinda. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu, akijihisi anamziba mdomo marehemu. Akabonyeza. Akaendesha upya, na kichochoro kikatoka baharini kikarudi kwenye bonde lake, mlango hata mlango. Akakihakiki, akafungua sehemu ya ujumbe, akatuma.

Mvua ilikuwa inapiga madirisha wakati simu ilipolia.

"Wifi," mjane akasema, na nyuma yake kulikuwa na kelele za sufuria na watoto, "ameniambia."

"Mmetoka?"

"Wote, kichochoro kizima. Tuko huku shuleni. Naliona bati letu tu, kuta zimeshamezwa." Akamkemea mtoto mmoja, akarudi. "Lakini mbona safari hii amechelewa hivi? Si kawaida yake."

Dada Ramani angeweza kumweleza habari za latitudo na kompyuta mpya. Angeweza pia kumwambia ukweli mwingine, kwamba mkono uliotuma haukuwa wa Fundi.

"Alikuwa anawatafuta kwingine," akasema. "Mbali sana, wifi."

Mjane akacheka, kicheko kikakatika katikati. "Ndiye yeye huyo. Hata sokoni tulikuwa tukipotezana, anazunguka kunitafuta upande nisiopo, na mimi nimesimama palepale aliponiacha."

Kisha akalia, na Dada Ramani akabaki na simu sikioni mpaka alipomaliza.