Kuigiza Kupenda Mbele ya Darasa

Harufu ya majani ya tumbaku yanayokaushwa, popote inaponikuta, na mimi nimepita mahali pengi, hunirudisha Kehancha, darasa la sita, kwenye kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho hadi leo hakijatulia kichwani mwangu.

Tulihamia huko kutoka Homa Bay, mama akiuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nyanya, aliyenilea tangu nikinyonya, na ambaye kwa Kijaluo chetu aliitwa Min Odhiambo, yaani mama yake Odhiambo, alibaki akiuza sokoni. Kwa hiyo niliposikia kwamba lori la shule lingewapeleka wanafunzi wachache Homa Bay kukariri mashairi ya Kiingereza, nilitaka nafasi ile kuliko chakula. Nilijua nitamtoroka mwalimu, nimkimbilie nyanya sokoni.

Aliyechagua alikuwa Mwalimu Hamisi, kijana mpole kutoka Pwani, mgeni kwetu. Alitueleza kuwa vitenzi vya Kiingereza ni vya aina mbili: vya kutenda, ambavyo jicho huviona, na vya hali, ambavyo hukaa ndani ya mtu. Niliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Kisha akasema kila mmoja ataigiza kitenzi, na watakaomridhisha ndio watakaopanda lori.

Wengine walipewa kulima, kuruka, kufua. Gati alipewa kulala, akalala mpaka akakoroma. Mimi nikapewa ‘love’.

“Lakini mwalimu, si umesema hiki hakionekani?”

“Ndiyo maana nakupa wewe, hodari wangu.”

Nilisimama mbele ya darasa nikitafuta kupenda kuko wapi. Nikaweka mkono kifuani, nikauondoa. Mwishowe nikamkumbuka nyanya. Kila nilipokuwa nasafiri, alitema mate kidogo kiganjani, akanipaka kwenye paji la uso. Basi nikamwendea Robi, rafiki yangu Mkuria tuliyekaa naye dawati moja na niliyekuwa nimemnong'onezea mpango wangu wa kumwona nyanya, nikafanya vivyo hivyo. Robi akainamisha kichwa kwa heshima.

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. “Wampaka mwenzio mate?”

“Hajanikosea, mwalimu,” Robi akasema. “Amenibariki. Hata kwetu wazee hufanya hivyo.”

Mwalimu alikuna kidevu. Nadhani naye alikuwa amechanganyikiwa. “Haya, basi umebariki. Hicho ni cha kutenda. Mimi nilitaka kupenda.”

Darasa likacheka. Robi, aliyeigiza kupika vizuri sana, akapata nafasi. Mimi sikupata.

Siku ya safari nilikaa langoni mpaka lori likarudi. Robi alishuka miguu ikiwa na vumbi hadi magotini.

“Nimemtafuta nyanya yako soko zima,” akaniambia. “Nikiita Min Odhiambo, kina mama nusu ya soko wanageuka. Lakini hakuna mwenye alikuwa yeye.”

“Na shairi?”

“Waliita jina langu nikiwa bado sokoni. Mwalimu amekasirika.”

Nilichosikia ni kwamba nyanya hakupatikana. Niligeuka nikaenda zangu nyumbani, nikilia, wala sikumngoja.

Miaka mingi baadaye nilifika katika mji nisiojua lugha yake, nikimtafuta mtu. Nilizunguka siku nzima nikichekwa, nikielekezwa kusiko. Hapo ndipo nilipomkumbuka Robi, nikakaa chini kando ya barabara. Yule mtoto hakujua hata neno moja la Kijaluo zaidi ya jina la nyanya yangu, na sura yake hakuwahi kuiona. Sijui aliwaulizaje.